Nusu Kilo ya Nyama kwa Watu Wanane

Nusu kilo ya nyama kwa watu wanane, utaigawa namna gani? Nauliza kwa sababu hesabu hiyo inafanywa kila juma katika nyumba nyingi za hapa Likasi, toka Kikula mpaka Shituru, na hakuna mwalimu anayeiandika ubaoni. Ukikata vipande utapata labda kumi na viwili, tena vingine ni mafuta na mfupa. Baba atapewa viwili vizuri. Mgeni, kama yuko, naye viwili. Mtoto wa kwanza atachagua chake. Wale wanaobaki nyuma watachovya bukari katika supu, watanawa mikono na kusema asante, na wewe mama utaosha sufuria bila kujua vizuri nani alionja nyama na nani hakuionja.

Kuna njia nyingine. Ni bulete za nyama katika mchuzi mzito wa maziwa, zile ambazo watu wa Uswidi wanapika majumbani mwao. Usicheke kwanza. Najua utasema, “Mama huyu ametoka wapi? Sisi sukari yenyewe tunapima kwa kijiko, yeye anatuletea chakula cha Ulaya!” Lakini soma mpaka mwisho. Chakula hiki hakikuingia nyumbani kwetu kwa njia ya utajiri.

Mama yangu alizaliwa upande wa Lemera, kwenye milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, kule Kivu ya Kusini. Wamisionari Wapentekoste wa Uswidi walifika mashariki ya Kongo mwaka 1921, na Lemera wakajenga hospitali. Alipokuwa msichana, mama alifanya kazi katika jikoni ya mama mmoja muuguzi, Mswidi. Baadaye akaolewa na mwanaume wa huku, akateremka naye mpaka Katanga, na ndani ya kapu lake kulikuwa na vitambaa viwili, sufuria moja, na bulete. Hakuandika popote. Alipika tu, sisi tukaangalia mikono yake. Yule muuguzi, alisema mama, alinunua nyama kidogo sana, kisha akaweka mkate mkavu wa juzi ndani ya maziwa. Mama alishangaa: mzungu naye anaokota mkate mkavu!

Ndiyo siri yenyewe. Katika Uswidi bulete ni chakula cha nyumba iliyojua kubana. Mama mmoja wa kule, jina lake Cajsa Warg, alichapisha kitabu cha upishi mwaka 1755, na bulete zimo. Wakati huo kukata nyama ndogondogo kwa kisu ilikuwa kazi ndefu, kwa hiyo haikuwa chakula cha kila siku. Karne ya 19 ilipoleta mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono, na majiko ya chuma, bulete zikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Nyama ngumu ya ng'ombe mzee, ile isiyolainika, sasa iliweza kuliwa hata na bibi asiye na meno. Mkate uliozeeka ulipata kazi. Kitunguu kiliongeza ujazo.

Tena hao Waswidi wenyewe wanabishana kama chakula ni chao. Mwaka 2018 ukurasa rasmi wa nchi yao kwenye Twitter uliandika kwamba bulete zinatokana na mapishi ambayo mfalme wao Karl wa 12 alirudi nayo kutoka kwa Waturuki. Mfalme huyo kweli alikaa miaka katika nchi za Waturuki, toka 1709 mpaka 1714, baada ya kushindwa vita na Warusi. Kama ni yeye aliyezileta, wataalamu wa historia hawakubaliani, na mimi siwezi kuwaamulia. Lakini ukifika Mombasa au Unguja utakuta kababu, nyama ya kusagwa iliyofinyangwa na kukaangwa, na mara nyingi mkate umo ndani vilevile. Basi usiogope kwamba ni chakula cha wageni. Mwenye nyama kidogo na watoto wengi, awe wapi, mwisho anafika palepale.

Sasa tuingie jikoni.

Utahitaji nusu kilo ya nyama ya ng'ombe bila mfupa, mkate mkavu wa gramu 100 hivi (ni kama vipande viwili vinene), maziwa robo tatu ya kikombe, kitunguu kimoja, yai moja, chumvi kijiko kidogo kimoja kilichojaa, na pilipili manga. Maziwa ya poda yanatosha. Kremu ile ya kwenye kopo iache dukani, bei yake ni ya kununua nyama ingine. Waswidi wanatia kiungo chenye punje kama za pilipili manga, ambacho harufu yake inachanganya karafuu, mdalasini na kungumanga. Hapa kwetu sijakiona sokoni. Mimi ninaponda karafuu moja, moja tu, naongeza kungumanga kidogo kwenye ncha ya kisu. Ukitia karafuu tatu watoto watasema wanakula dawa ya meno.

Nyama uisagishe kwa muuzaji kama mashine yake ni safi, na uangalie kwa macho yako, usione haya. Kama haikupendezi, nunua kipande, ukate nyumbani kwa visu viwili juu ya ubao mpaka iwe ndogo sana. Nusu saa inatosha. Vijana wa kiume wanapenda kazi hiyo kwa sababu ya kelele.

Vunja mkate ndani ya maziwa, uache dakika kumi, halafu uuponde kwa uma mpaka uwe kama uji mzito. Usiruke jambo hili. Mkate mkavu ukitiwa ndani ya nyama bila kulowekwa utanyonya maji ya nyama, na bulete zitakuwa ngumu kama mawe ya Panda. Ukilowekwa kwanza, unashika maji yake ndani, na moto ukikaza nyama, mkate unazuia isikazane kabisa. Kwa hiyo mkate una kazi mbili: kuongeza na kulainisha. Mtu akisema umeweka mkate kwa sababu ya umaskini, mjibu kwamba hata wenye pesa wanauweka.

Kitunguu kikate kidogo sana, ukikaange katika mafuta kidogo mpaka kilainike, kisha kipoe. Changanya nyama na chumvi kwanza, peke yake, ukande kwa mkono kama dakika mbili. Utaona inaanza kunata. Chumvi ndiyo inayofanya hivyo, na kunata huko ndiko kunashika bulete zisivunjike ndani ya mafuta. Kisha tia mkate, kitunguu, yai, viungo. Changanya, lakini sasa usikande sana. Acha ikae pa ubaridi nusu saa.

Halafu kaanga moja tu, ndogo, uionje. Nyama mbichi usionje. Kama chumvi haitoshi, ongeza sasa, kwa sababu baadaye haitaingia tena.

Lowesha mikono kwa maji ya baridi, ufinyange. Hapa sipendi kukadiria kwa macho: mimi ninagawa donge katika manne, kila robo katika nane. Ni thelathini na mbili. Watu wanane, nne kwa kila mmoja. Ukiwa na watu sita au kumi na mmoja, fanya hesabu yako kabla ya kufinyanga, si baada.

Kwa moto: kama umeme upo, vizuri. Kama umekatika, mbabula inafaa kabisa, lakini makala yawe yameshika vizuri, yasiwe na moshi. Weka mafuta vijiko vinne, kaanga bulete kumi kwa mara moja, si zote, kwa sababu zikisongamana zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Zitikise sufuria zizunguke. Zikiwa za rangi ya kahawia pande zote, zitoe. Bado hazijaiva ndani, usijali, zitamalizia kwenye mchuzi.

Sasa mchuzi. Usioshe sufuria! Ile rangi iliyoshika chini ndiyo utamu wenyewe. Acha mafuta kama vijiko vitatu, tia unga wa ngano vijiko viwili vya mezani, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka ubadilike kidogo rangi na kunukia kama karanga. Unga ukipakwa mafuta kwanza haufanyi mabonge. Mimina maji ya moto vikombe viwili, kidogo kidogo, huku ukikoroga na kukwangua chini. Ukiwa na kibe cha supu, tia nusu, na upunguze chumvi. Chukua maziwa ya poda vijiko vinne vilivyojaa, yakoroge pembeni katika kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu mpaka yawe mazito kama kremu. Kabla ya kuyamimina, chota majivu kidogo ufunike makala, moto ushuke. Maziwa yakikutana na moto mkali yanakatika, utaona vipande vyeupe vinaelea. Na usikamue ndimu humo ndani. Ukipata margarini kijiko kimoja, malizia nayo, mchuzi utang'aa.

Rudisha bulete zote, funika, ziache zitokote taratibu dakika kumi mpaka kumi na tano. Vunja moja katikati: isiwe nyekundu hata kidogo. Hapa sitanii. Kipande kizima cha nyama kina uchafu juu, na moto unaua kilicho juu. Nyama ya kusagwa, kile kilichokuwa juu kimekwisha kuingia ndani, kwa hiyo ndani lazima paive kama nje. Tena uinunue asubuhi uipike siku ileile. Friji isiyo na umeme ni kabati tu.

Waswidi wanakula na viazi vya kizungu vilivyochemshwa, na pembeni jamu ya tunda jekundu la porini lenye uchachu. Tunda hilo haliko kwetu. Mama yangu alichemsha maua mekundu ya lumanda, wengine wanaiita ngai-ngai, na sukari kidogo, mpaka yakawa mazito. Uchachu wake ulikata mafuta ya mchuzi vizuri kabisa. Viazi vikiwa ghali, bukari. Kuna watu wanasema bukari na mchuzi wa maziwa haviendi pamoja. Watu hao hawajajaribu. Donge la bukari lilitengenezwa kwa kuchovywa, na mchuzi mzito ndio unaoshika. Sombe au lengalenga pembeni, na chakula kimetosha.

Kama nyama imeshindikana, samaki wa Tshangalele wanafaa. Toa miiba kwa uangalifu, ponda nyama yake, mkate uleule, maziwa yaleyale. Ni tamu, ila zinavunjika haraka, zifanye ndogo zaidi. Nilijaribu pia kuongeza maharagwe ya kuchemshwa na kupondwa mahali pa nusu ya nyama. Tumbo lilishiba, nisiseme zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Nyumbani kwetu tuko wanane: mimi, baba watoto, watoto wetu wanne, na watoto wawili wa dada yangu ambaye Mungu alimchukua. Mvulana ana miaka 11, msichana 7. Wengi wenu mna watoto wa namna hii nyumbani, sina haja ya kueleza. Wanakula, wanasoma, wanavaa. Lakini mtoto aliyekuja na kifurushi chake anajua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Yule mvulana, siku ya nyama, alinawa wa mwisho. Alingoja mikono yote itoke kwenye sahani, kisha akachukua shingo, au mfupa. Kama umebaki mfupa tu, aliuvunja na kuufyonza kwa furaha, akasema yeye anapenda mfupa. Alisema hivyo mara nyingi mpaka wadogo wakaamini, wakawa wanamwekea.

Siku ya kwanza ya bulete niliwapakulia kila mmoja nne katika sahani yake. Akala mbili, akasimama. Nikamwuliza kama tumbo linamuuma. Akaangalia zile mbili zilizobaki, akaniuliza polepole:

“Mama mudogo, hizi zingine ni za nani?”

“Ni zako.”

“Zote ine?”

“Zote ine. Hesabu sahani ya wenzako.”

Akahesabu kweli! Akazunguka meza kwa macho, sahani kwa sahani, hata ya baba. Kisha akala, na siku hiyo hakuna aliyezungumza habari ya mfupa, kwa sababu mfupa haukuwapo.

Basi mama mkwe wangu alikuja kututembelea baada ya majuma machache. Ni mama ninayemheshimu, aliwalea watoto saba kambini. Akakuta ni bulete tena. Akaangalia sahani ya mwanawe, akaangalia za watoto, akageuka kwangu.

“Mwanangu, nyama ya baba iko wapi?”

“Njo hiyo, mama. Ziko ine.”

“Na mutoto wa miaka saba naye ine? Kwetu mwanaume anapewa nyama yenye kuonekana.”

Sikumjibu haraka, kwa sababu hoja yake ina uzito, nawe msomaji usiidharau. Zamani za Union Minière, baba ndiye aliyeshuka shimoni au kusimama mbele ya tanuru, na nguvu zake ndizo zilizoleta posho. Akidhoofika yeye, wote wanalala njaa. Kumpa kipande kikubwa ilikuwa akili, si upendeleo tu. Lakini posho yenyewe, wazee wanakumbuka, ilihesabiwa kwa vichwa: mfanyakazi, mke wake, watoto wake. Mtoto alikuwa na sehemu yake kwenye karatasi. Ilipofika ndani ya sufuria ndipo vichwa vikapotea. Na siku hizi, katika nyumba ngapi baba anakaa bila mshahara, na mama anauza makala au maandazi, na mtoto wa miaka 11 ndiye anayebeba maji ndoo nne kabla ya shule? Nguvu inayolisha nyumba iko mahali pengi sasa.

Nilimwambia mama mkwe hivi: heshima ya baba haijaondoka mezani. Anapakuliwa wa kwanza, anakaa kwenye kiti chenye mgongo, mchuzi wake ni mwingi, na bukari anapewa kadiri anavyotaka. Nyama tu ndiyo iliyo sawa. Hakuridhika. Alisema watoto watakua bila kujua nani ni mkubwa. Labda tutaona. Mimi naamini mtoto anajua mkubwa kwa mambo mengine, na nadhani bibi yao naye anajua, maana watoto wake saba wanamheshimu na wakati ule yeye mwenyewe alikula supu tupu. Hilo sikumwambia.

Baba watoto alisikia yote, akanyamaza. Ni mtu wa maneno machache tangu kazi yake ilipokwisha. Alimaliza nne zake, akafuta sahani kwa bukari mpaka ikawa nyeupe, akatoka nje. Mwezi uliofuata alipata kibarua cha siku tatu cha kujenga ukuta wa jirani. Alirudi jioni na karatasi ya nyama, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Ilikuwa nzuri, nyama ya paja, isiyo na mfupa wala mafuta. Ningeweza kuikata vipande vya kuonekana kabisa.

“Usage,” akasema.

Nikachukua visu viwili.

Ukibakiza mchuzi, na hutabakiza mara nyingi, uchemshe tena asubuhi mpaka utoke mapovu, uongeze maji kidogo kwa sababu unakazana usiku. Usipashe mara mbili.

Na ile bulete ya kuonja, ya kwanza kabisa, haimo katika thelathini na mbili. Ni ya mpishi na msaidizi wake, wanaigawa katikati. Toka msichana wa dada yangu alipogundua jambo hilo, siku ya nyama siiti tena mtu wa kunikatia kitunguu. Ninamkuta amekwisha kukaa pale, kisu mkononi, macho yamejaa machozi, anangoja.